Maji ya Mtwara kwenye tanki la saladi: nini cha kutoa, nini cha kuongeza

Kati ya watu wanaolima saladi, chainizi na hoho kwenye mabomba ya plastiki huku kwetu, kuanzia Shangani hadi Mikindani na kwa jirani zetu wa Lindi mjini, kuna ubishi usioisha. Mtu amejaza tanki maji ya bomba au ya kisima, ametumbukiza kipimo kabla hajaweka hata punje ya mbolea, na kipimo kinasoma 0.7. Mmoja anamshauri aipuuze namba hiyo. Mwingine anamwambia aitoe kwenye hesabu ya mbolea. Wa tatu anasema maji hayo hayafai, asubiri mvua. Kila mmoja ana kipande cha ukweli, na ushauri wa yeyote kati yao ukifuatwa peke yake utaharibu mazao ya mtu.

Haidroponiki ni kulima bila udongo. Mizizi inaning'inia kwenye maji, au imeshikiliwa na kokoto, makumbi ya nazi yaliyosagwa au pumba za mpunga zilizochomwa, na chakula chote kinaufikia mmea kikiwa kimeyeyuka majini. Udongo husamehe: ukizidisha kitu hukishikilia, ukipunguza hutoa kwenye akiba yake. Tanki halina akiba. Kilichomo ndicho mmea utakachokula, na kisichomo hakuna pa kukitafuta.

Chakula hicho ni madini yanayojulikana. Yanayohitajika kwa wingi ni naitrojeni, fosforasi, potasiamu, kalsiamu, magnesiamu na salfa. Chuma, boroni, zinki na wenzao huhitajika kidogo sana. Kiasi chake huandikwa kwa miligramu katika lita moja ya maji. Ukikutana na herufi ppm, kwa maji yetu haya ni kitu kilekile.

Kile kipimo kinachosoma 0.7 hupima EC, yaani jinsi maji yanavyopitisha umeme. Maji yasiyo na kitu ndani yake hupitisha umeme kwa shida sana. Chumvi zilizoyeyuka ndizo zinazoubeba. Chumvi zikiongezeka, namba inapanda. Lakini kipimo hakijui ni chumvi gani. Mbolea ya shilingi elfu kadhaa kwa kilo na chumvi ya mezani, kwake vyote ni umeme tu. Shika hilo, maana ubishi wote unazaliwa hapo.

Kuna fujo nyingine ndogo ya vipimo. Vingine havionyeshi EC bali ppm, na ppm hizo hazikupimwa, zimekisiwa kwa kuzidisha EC. Kiwanda kimoja huzidisha kwa 500, kingine kwa 700. Maji yaleyale yenye EC ya 1.0 yatasomeka 500 kwa jirani yako na 700 kwako, na mnaweza kugombana mchana kutwa huku wote mko sawa. Ukiulizwa, taja EC.

Madini yanatoka wapi

Pwani yetu imekalia mawe ya matumbawe, mawe yaleyale yaliyojenga nyumba kongwe za Mikindani na yanayochomwa kupata chokaa. Mvua ikishuka hubeba hewa ya kaboni, ikipita kwenye udongo huongeza nyingine, na maji hayo yenye uchachu kidogo yakikutana na chokaa ardhini huiyeyusha taratibu. Kinachofika kisimani ni kalsiamu pamoja na mwenzake, bikaboneti. Magnesiamu huja kwa njia hiyohiyo. Haya ndiyo maji magumu: sabuni haitoi povu upesi, na birika hujenga ukoko mweupe ndani. Chemsha sufuria nyeusi ya maji ya kisima mpaka yakauke kabisa, utaona unga mweupe umebaki umeshika chini. Kisima kingine hakitaacha karibu chochote.

Mgeni wa pili ni bahari. Kisima kilicho karibu na pwani kikivutwa sana, maji ya bahari husogea chini kwa chini kuyafuata maji baridi. Haihitaji kuwa mengi. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi, na ndani yake sodiamu ni karibu miligramu 10,800 na kloraidi karibu 19,000. Kwa hiyo ndoo moja ya bahari ndani ya ndoo mia za maji matamu inatosha kuleta sodiamu zaidi ya miligramu 100 kwa lita na kloraidi karibu 190. Ukinywa maji hayo pengine hutashtuka. Saladi itashtuka.

Wapo wageni wengine wa kupita nao haraka. Visima vingine vina chuma, utakijua kwa madoa mekundu kwenye ndoo na sinki. Hicho usikihesabu kama chakula, kwa sababu kikikutana na hewa kinageuka kutu, kinazama chini na kuziba matundu ya kudondoshea maji. Yarushe maji juu yapigwe na hewa, yatulie, kisha uchote ya juu. Kisima kilicho karibu na choo cha shimo kinaweza kuwa na naitreti, yaani naitrojeni iliyoyeyuka majini. Mmea utafurahi, ila maji hayo usimpe mtoto mchanga.

Kuonja kabla ya kutia chumvi

Anayepika papa mkavu hatii chumvi kabla hajaonja mchuzi, kwa sababu samaki amekuja na chumvi yake. Lakini haachi pia kutia nazi na ndimu eti kwa kuwa mchuzi tayari una ladha kali. Anaangalia nini kimeshaingia na nini bado. Kinachofanyika kwenye matanki mengi ni kinyume chake.

Tuseme kanuni ya saladi inataka EC ya 1.6, na maji yako yana 0.7. Mkulima wa kwanza anaongeza mbolea mpaka kipimo kisome 1.6 na kuridhika. Ukweli ni kwamba ameweka mbolea ya 0.9 tu, na naitrojeni, fosforasi na potasiamu zimepungua karibu nusu, maana kwa kawaida maji ya kisima hayana vitu hivyo vya kutosha. Mkulima wa pili anapima mbolea yake yote ya 1.6 na kuitia juu ya 0.7. Anapata 2.3, kalsiamu imezidi, na kwa jua letu hili, mmea unaovuta maji mchana kutwa unaanza kuungua ncha za majani.

Sasa angalia maji mawili ninayoyabuni kwa makusudi, yote yanasoma 0.7. Ya kwanza yana kalsiamu miligramu 60 kwa lita, magnesiamu 12 na sodiamu 69. Ya pili yana kalsiamu 10, magnesiamu 6 na sodiamu 138. Kipimo hakiwezi kuyatofautisha. Lakini ya kwanza yameshakuletea zaidi ya theluthi ya kalsiamu unayoihitaji bure, wakati ya pili yamekuletea mzigo. Ukitumia ya pili huku ukipunguza kalsiamu kwa sababu umesikia maji ya pwani ni magumu, utaona majani machanga ya saladi yakikauka ncha na nyanya zikioza kitako, na utazidi kulaumu mbegu.

Kwa hiyo kinachotolewa kwenye hesabu si namba ya EC. Ni kalsiamu kutoka kwenye kalsiamu, magnesiamu kutoka kwenye magnesiamu. Kazi hiyo haifanyiki bila karatasi ya maabara.

Karatasi ya maabara na mtego wake

Wizara ya Maji ina maabara za ubora wa maji mikoani, Mtwara ikiwemo. Ukienda, usiseme tu unataka kujua kama maji ni salama kunywa, kwa sababu watakupimia vijidudu na vitu vichache, na utarudi na jibu zuri lisilokusaidia shambani. Waambie unataka pH (kipimo cha uchachu wa maji), EC, kalsiamu, magnesiamu, sodiamu, kloraidi, salfeti, chuma, na alikaliniti. Boroni nayo kama wanaweza. Hiyo alikaliniti nitaifikia.

Mtego uko kwenye neno ugumu. Karatasi ikiandika ugumu wa maji ni miligramu 200 kwa lita, mtu anasoma kalsiamu ni 200 na kuacha kabisa kuweka kalsiamu. Hapana. Ugumu huandikwa kana kwamba madini yote yaliyomo ni chokaa, yaani kalsiamu kaboneti, na uzito wa kalsiamu katika chokaa ni asilimia 40 tu. Ugumu wa kalsiamu ugawe kwa 2.5 upate kalsiamu yenyewe. Ugumu wa magnesiamu ugawe kwa 4.1. Katika maji yangu ya mfano, kalsiamu 60 ni ugumu wa 150 na magnesiamu 12 ni ugumu wa karibu 50, jumla 200. Karatasi ikikupa ugumu wa jumla peke yake, huwezi kujua mgawanyo wake. Rudi ukaulize.

Mifuko ya mbolea nayo ina mtego wa ukoo huohuo. Mfuko ukiandika CaO (kalsiamu ikihesabiwa pamoja na oksijeni) asilimia 26.5, kalsiamu halisi ni kama 19. Namba ya fosforasi kwenye mfuko izidishe kwa 0.44, na ya potasiamu kwa 0.83, ndipo upate kirutubisho chenyewe. Desturi hiyo ya kuandika ni ya zamani sana na sioni kama itaondoka.

Hesabu yenyewe

Chukua simtanki la lita 1,000 lenye maji yetu ya kwanza: kalsiamu 60, magnesiamu 12. Unataka tanki liwe na kalsiamu 160 na magnesiamu 45 kwa lita, viwango vya kawaida kwa mboga.

Kalsiamu: 160 ukitoa 60 inabaki 100. Mbolea inayoileta ni kalsiamu naitreti, yenye kalsiamu asilimia 19. Gawa 100 kwa 0.19, unapata miligramu 526 kwa lita, yaani gramu 526 kwa tanki zima. Kama ungepuuza maji, ungeweka gramu 842. Zaidi ya gramu mia tatu zingeingia bila kazi kila unapojaza.

Magnesiamu: 45 ukitoa 12 inabaki 33. Chumvi ya Epsom, ambayo ni salfeti ya magnesiamu, ina magnesiamu karibu asilimia 9.8. Gawa 33 kwa 0.098, unapata gramu 337 badala ya 459.

Watu wengi huishia hapo wakifurahi kwamba wameokoa fedha, na ndipo mazao yanapofifia. Kalsiamu naitreti haibebi kalsiamu peke yake. Ina naitrojeni asilimia 15.5. Gramu 842 zingeleta naitrojeni miligramu 130 kwa lita. Gramu 526 zinaleta 82 tu. Ulipopunguza kalsiamu, umeondoa pia naitrojeni karibu 49 bila kukusudia, na maji ya kisima hayakukurudishia. Majani ya chini yataanza kuwa ya njano na mmea utadumaa. Ukipunguza chumvi yoyote, uliza mwenzake kwenye chumvi hiyo ni nani na atapatikana wapi sasa. Naitrojeni iliyopungua inaweza kurudishwa kwa potasiamu naitreti, kama kanuni yako ina nafasi ya potasiamu zaidi. Au inaweza kurudi kwa njia nyingine ambayo maji magumu yenyewe yanakufungulia, na hii ndiyo sehemu ninayoipenda katika somo zima.

Alikaliniti, au kwa nini pH inapanda tena usiku

Malalamiko unayoyasikia kila mahali ni haya: nimeshusha pH mpaka 5.8 jioni, asubuhi imerudi 7. Mtu anadhani kipimo kimeharibika au asidi aliyouziwa imechakachuliwa.

pH inakuambia maji yana uchachu kiasi gani sasa hivi; namba ikishuka, uchachu umezidi. Haikuambii yatapinga kiasi gani ukijaribu kuyabadilisha. Upinzani huo ndio alikaliniti, na katika maji yetu mwenye kazi hiyo ni ile bikaboneti iliyokuja na kalsiamu kutoka kwenye mawe. Kila tone la asidi unalotia linaliwa na bikaboneti, hewa ya kaboni inatoka, na pH inasogea kidogo tu. Bikaboneti nyingine ikibaki, na hewa ile ikiendelea kutoka usiku kucha, pH inapanda tena. Maji yenye pH ya 8 yasiyo na alikaliniti yatashuka kwa matone machache. Maji yenye pH ya 7.3 na alikaliniti kubwa yatakumeza chupa. Ndiyo maana anayekuambia "weka mililita kumi za asidi kwenye tanki" bila kuuliza maji yako yanatoka wapi, mshukuru kwa ukarimu wake kisha uachane na ushauri wake.

Alikaliniti ikipuuzwa, mmea huonekana una njaa ya chuma hata kama chuma kimo. pH ikipanda, chuma hujifunga na kuzama, na majani machanga yanakuwa ya njano huku mishipa yake ikibaki kijani. Chuma cha kawaida kinachouzwa, kile kilichofungwa kwa kemikali iitwayo EDTA ili kisizame, huanza kushindwa pH ikipita takriban 6.5. Fosforasi nayo hushikana na kalsiamu na kutua chini.

Maabara huandika alikaliniti kwa mtindo wa chokaa vilevile. Kila 50 kwenye karatasi ihesabu kama kipimo kimoja cha upinzani. Maji yetu ya mfano yana 200, kwa hiyo vipimo vinne. Hatuuondoi wote, maana kidogo kikibaki husaidia pH isiyumbe. Tubakize kimoja na kuua vitatu.

Kila kipimo kimoja kinachouawa kwa asidi ya naitriki huacha miligramu 14 za naitrojeni kwa lita. Vitatu huacha 42. Kumbuka tulikuwa tumepoteza 49. Mawe yale yale ya chokaa yaliyokupunguzia kalsiamu naitreti ndiyo yanayodai asidi, na asidi hiyo inarudisha naitrojeni karibu yote iliyokosekana. Potasiamu naitreti kidogo inamalizia. Kwa tanki la lita 1,000, vipimo vitatu ni takriban mililita 230 za asidi ya naitriki yenye nguvu ya asilimia 60.

Wengi huku hupata kwa urahisi zaidi asidi ya fosforiki. Ni nzuri, lakini kila kipimo huacha fosforasi karibu miligramu 31. Ukiua vitatu kwa asidi hiyo peke yake utaleta fosforasi zaidi ya 90, wakati mboga zinataka 30 hadi 50. Itumie kwa kipimo kimoja, na uondoe mbolea yako ya fosforasi kwenye hesabu, vinginevyo unailipia mara mbili. Asidi ya betri kuukuu usiiguse kabisa; ina risasi. Ndimu na siki hushusha pH kweli, kwa siku moja mbili, mpaka vijidudu viimalize asidi yake na pH kurudi ilikokuwa, huku mabomba yakiota utelezi.

Asidi hizi hazina mzaha. Tia asidi kwenye maji, kamwe usimwage maji kwenye asidi. Vaa glavu na miwani, simama penye upepo, na chupa ikae mbali na watoto na isifanane na chupa ya soda.

Kama alikaliniti huijui, jaribu kwa ndoo. Jaza lita 10, vuta asidi kwa bomba la sindano lisilo na sindano, tia kidogo kidogo huku ukikoroga mpaka pH ifike 5.8, andika mililita zilizotumika. Iache saa chache, pima tena, ongeza kinachotakiwa. Zidisha kwa mia upate ya tanki la lita 1,000. Kwa maji ya mfano wetu, jibu lingekuwa kama mililita 2.3 kwa ndoo.

Kuchemsha, kulaza, na maji ya mvua

Wanaosema maji yakichemshwa madini yanatoka wana nusu ya haki. Sehemu ya kalsiamu na bikaboneti hugeuka ukoko na kubaki sufuriani. Sodiamu na kloraidi hazitoki. Maji yakipungua kwa mvuke, zinazidi kukolea.

Kuyalaza maji usiku kucha kwenye diaba bila kuyafunika huondoa klorini ya kuulia vijidudu inayotiwa kwenye maji ya bomba, na hilo ni jambo jema. Ila klorini ile si kloraidi ya chumvi. Moja ni hewa, huruka. Nyingine ni chumvi, itakuwepo asubuhi, na hata wiki ijayo.

Maji ya mvua ndiyo yanayopewa sifa nyingi kuliko yote, na juu ya nyanda za Makonde, Newala na Tandahimba, wazee wamejenga matanki ya kuyavuna tangu zamani kwa sababu udongo wa kule hunyonya maji na mabonde yako mbali. Kwa haidroponiki ni maji mazuri mno, kwa masharti mawili. La kwanza, mvua ya kwanza mwishoni mwa mwaka iache ipite. Inaosha vumbi la kiangazi chote, vinyesi vya ndege na, kwenye vijiji vya korosho, unga wa salfa uliopulizwa mashambani ukatua kwenye mabati. La pili, maji ya mvua hayana kalsiamu wala magnesiamu. Hapo gramu zako ni zile 842 na 459 kamili, hakuna cha kutoa. Nimeona ushauri wa kupunguza kalsiamu ulioandikwa kwa ajili ya maji magumu ukisafiri kutoka simu hadi simu mpaka ukamfikia mtu anayekinga mvua. Saladi yake haikuwa na bahati.

Mvua pia ina matumizi ambayo wengi hawayafikirii: kuchanganya. Nusu mvua na nusu kisima hugawa kila kitu kwa mbili. Kalsiamu 60 inakuwa 30, sodiamu 69 inakuwa chini ya 35, alikaliniti 200 inakuwa 100. Kwetu mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, hivyo tanki moja la mvua linalochanganywa hufika mbali katika kiangazi kuliko linalotumiwa peke yake.

Ukinunua pakiti mbili za mbolea, A na B, zilizokwisha changanywa

Hapa hesabu yote ya juu inagonga mwamba, na wauzaji wengi hunyamaza. Pakiti ya A kwa kawaida ina kalsiamu pamoja na naitrojeni na chuma. Huwezi kuichukua ikupe naitrojeni uiache kalsiamu. Ukiipunguza, unapunguza vyote. Kwa hiyo mwenye A na B ana njia chache: achanganye na mvua mpaka maji yawe mepesi, atafute pakiti zilizotengenezwa kwa maji magumu, au anunue chumvi moja moja na mzani mdogo wa kidijitali. Kwa mtu mwenye mabomba mawili uani ningemshauri mvua. Anayeuzia hoteli anunue mzani.

A na B zenyewe zimetenganishwa kwa sababu kalsiamu ikikutana na salfeti katika mchanganyiko mzito hutengeneza jasi, ileile inayochimbwa Kilwa. Ukikuta tope jeupe chini ya dumu lako la mchanganyiko mzito, umeona kalsiamu na salfa zako zikiwa zimeshageuka mawe. Mimina A tanki likiwa na maji mengi, koroga, ndipo B.

Chumvi isiyoliwa

Imebaki sodiamu, ile 69. Hatukuitoa popote, kwa kuwa hakuna mbolea yake ya kupunguza. Mboga huigusa kidogo tu. Siku ya kwanza haidhuru. Lakini mfumo wa maji yanayozunguka hupoteza maji kila siku, mmea ukiyavuta na jua likiyakausha, nawe unajazia. Tanki la lita 200 likijaziwa lita 20 kila siku, baada ya siku kumi limepokea lita nyingine 200, na sodiamu yake imefika karibu 138. Baada ya siku ishirini iko karibu 207. Kila nyongeza ya 69 pamoja na kloraidi yake hupandisha EC kwa kama 0.3.

Sasa mfikirie mkulima mwangalifu anayehakikisha kipimo kinasoma 1.6 kila asubuhi. Siku ya ishirini, karibu 0.9 ya hiyo ni chumvi tupu. Chakula kimebaki 0.7. Namba haijabadilika hata siku moja, na mimea inanyauka kwa njaa mbele ya kipimo kinachosema kila kitu kiko sawa.

Dawa ni kumwaga na kuanza upya. Kwa mifumo inayozunguka, wakulima hupenda maji ya kuanzia yawe na sodiamu chini ya 50 hivi. Yakizidi, ratiba ya kumwaga inasogea karibu: kwa maji ya mfano wetu na saladi, nisingevuka siku kumi kipindi cha jua kali. Hoho nayo si mvumilivu wa chumvi, nyanya ndiyo yenye roho ngumu kidogo. Mchujo wa kisasa unaosukuma maji kwenye utando mwembamba huondoa karibu kila kitu, sodiamu ikiwemo, ila gharama yake na maji unayoyatupa vinahitaji hesabu nyingine. Kifaa cha nyumbani cha kulainisha maji, kinachotumia chumvi, usikiweke kabisa kabla ya tanki: kinachukua kalsiamu uliyoihitaji na kukupa sodiamu badala yake.

Maji unayomwaga bado yana mbolea ndani, hivyo usiyapeleke mtaroni. Usiyamwagie kitalu cha mchicha, maana chumvi itaua miche. Yapeleke shinani mwa mnazi. Mnazi huvumilia chumvi kuliko mboga zako zote, na kloraidi ambayo saladi inaikimbia, wenyewe huitumia.